Kabla Hujaitoa Tyubu Kwenye Rimu ya Spoku

Ukiacha lami ukaingia njia za ndani za Bahi au Chamwino, mwiba mmoja wa mgunga unatosha kukushusha kwenye pikipiki. Tyubu ikitoboka inaisha upepo papo hapo. Tairi ya tyubulesi, yaani isiyo na tyubu ndani, mara nyingi inaubana mwiba uleule, ikawa inapungua taratibu hadi ufike kwa fundi pancha. Ndiyo maana watu wanataka kuziba matundu ya rimu zao za spoku kwa gundi, zishike upepo bila tyubu. Kazi hii inawezekana, lakini nyingi zinazoharibika zinakuwa zimeharibika kabla gundi haijafunguliwa.

Anza kwa kuisoma rimu. Tafuta maandishi yaliyogongwa juu yake. Ukikuta herufi MT pamoja na upana, mfano MT2.15, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya tyubulesi: kando ya sehemu unapokaa ukingo wa tairi kuna tuta dogo, utalihisi ukipitisha kidole. Ukikuta WM, tuta hilo hakuna, na rimu nyingi za pikipiki zetu za kazi ni za namna hiyo. Kazi ya tuta ni kuuzuia ukingo usiteleze kuingia kwenye bonde la katikati upepo unapopungua. Lisipokuwepo, ukingo ukiteleza upepo wote uliobaki unatoka kwa mara moja na tairi inaanza kuvuka rimu ukiwa bado kwenye mwendo. Gurudumu la nyuma likifanya hivyo unaweza kulimudu. La mbele linakuangusha. Kwa hiyo rimu ya mbele isiyo na tuta ibaki na tyubu yake, hata kama fundi anakuhakikishia vinginevyo.

Rimu iliyopinda inyooshwe. Rimu ya chuma iliyobanduka kromu na kuota kutu pale ukingo unapokaa, tafuta nyingine, kwa sababu upepo utapita kwenye vishimo vya kutu hata gundi ikae vizuri namna gani. Kagua pia kiungio chake. Baadhi ya rimu za alumini zimeunganishwa kwa pini bila kuchomelewa, na mstari huo unavuja. Nao uzibwe.

Tairi iwe imeandikwa TUBELESS au TL. Yenye TT, yaani ya kutumia tyubu, haina lile tabaka la ndani la kuzuia upepo kupenya.

Tundu la valvu ya tyubu lina upana wa milimita 8 na kidogo, wakati valvu ya mpira ya tyubulesi inataka 11.5. Usiitoboe rimu kulipanua. Nunua valvu ya chuma ya milimita 8.3, inayokazwa kwa nati na yenye mpira wake wa duara.

Sasa spoku, na hapa usiwe na haraka. Gurudumu la kawaida lina spoku 36, na kila moja inapita kwenye tundu lake na kukazwa kwa nipeli, ile nati yake ndogo. Gurudumu linapozunguka likiwa na mzigo, spoku za chini zinalegea kidogo na kukaza tena kila mzunguko. Zikiwa zimekazwa sawasawa, nipeli haichezi. Zikiwa legelege, nipeli inasugua tundu lake mara mamia kwa kila kilomita. Chukua pikipiki iliyozibwa juu ya spoku kama hizo. Siku ya kwanza inashika upepo na kila mtu ameridhika. Inapakia gunia mbili za mahindi kutoka Kibaigwa, inapita kwenye makorongo, na kila gunia linapodunda nipeli tatu nne zinachezacheza chini ya gundi. Gundi haichaniki, inabanduka: inaachana na chuma pembeni, unafunguka mwanya mwembamba kama unywele. Asubuhi tairi imepungua psi 5 za upepo. Mwenyewe anajaza, anasema ni baridi ya usiku. Wiki inayofuata ni psi 10, fundi anapaka gundi nyingine juu ya ile iliyobanduka, na hiyo nayo inakaa siku mbili. Mwishowe anachukua spana kukaza spoku ambazo zilipaswa kukazwa mwanzo, na kila nipeli anayoizungusha inavunja muhuri wake. Kazi yote inarudi sifuri.

Kwa hiyo gurudumu likiwa bado na tyubu, gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kwa sauti kali, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Badilisha zilizokatika, kaza, nyoosha hadi rimu isiyumbe zaidi ya milimita 2. Kama umeweka spoku mpya, tembea kilomita 200 au 300, kisha kaza tena, maana mpya lazima zikae. Ncha zilizochomoza juu ya nipeli zisage kwa tupa. Usipozisaga zitatoboa utepe utakaofunika gundi.

Usafi. Toa tyubu na ule mkanda wa mpira unaoikinga na nipeli, sugua bonde la rimu kwa brashi ya waya na msasa, futa kwa asetoni. Petroli usitumie, inaacha mafuta.

Gundi iwe ya poliurethani, au silikoni isiyonuka siki. Inayonuka siki inatoa asidi inayokula chuma. Weka tone juu ya kila nipeli, ziache zikauke, kisha paka tabaka la milimita 2 kuzunguka bonde lote na ufunike kwa utepe wa kuzibia. Mrija wa mililita 300 unatosha magurudumu mawili. Isipande kule ukingo unapokaa. Gundi hizi hukaushwa na unyevu wa hewani, na kiangazi cha Dodoma, Juni hadi Oktoba, hewa ni kavu: jua linakudanganya, juu pameshika na ndani bado ni uji. Zile za taratibu zipe siku saba kamili.

Kufunga tairi, paka maji ya sabuni na usizamishe chuma cha kufungulia hadi kikwangue utepe. Toa pini ya valvu, tumia kompresa. Pampu ya mguu haiwezi kuukalisha ukingo. Usivuke psi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Kisha mwagia sabuni. Povu likitoka kwenye nipeli moja usikimbilie kuiziba hiyo, kwani upepo husafiri chini ya utepe na kutokea mbali na ulipoingilia. Fungua, kagua zote.

Wiki ya kwanza pima kila asubuhi kabla hujaondoka, kwa geji yako mwenyewe. Usipakie mzigo siku hizo. Beba tyubu ya saizi yako na spana ya nati ya valvu, kwa sababu valvu hiyo isipotoka tyubu haiingii. Ukipiga shimo kwa nguvu, simama uangalie. Spoku ikikatika njiani, punguza mzigo na mwendo. Fundi pancha yeyote umwambie mapema kwamba ndani kuna gundi, kabla hajaingiza chuma chake.