Kutoa kitani nyumbani, kuanzia shina mpaka kitambaa

Kwanza tuelewane, kitani sio katani. Katani ni ile ya mkonge, ya kamba na magunia. Kitani ni kammea kembamba ka maua ya bluu, na nyuzi zake zimejificha kwenye shina, kati ya ganda na kijiti cha ndani. Kazi yote ni kuzitoa humo zikiwa ndefu.

Mbegu mwaga nyingi zisongamane, ndo mmea unapanda juu bila kutoa matawi. Kwenye siku 100 hivi mashina yanaanza kuwa ya njano kutokea chini, basi ng'oa na mizizi yake, usikate, maana nyuzi zinashuka hadi huko chini. Funga mafungu, yakauke, pitisha vichwa kwenye chanuo la misumari mbegu zidondoke.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu: kuozesha. Ndio, unaozesha makusudi, kuna kitu kama gundi kimeshika nyuzi na bakteria au kuvu ndo wanaokimaliza. Ukiwa na dimbwi, lowesha mafungu humo ukikandamiza na mawe, wiki moja mpaka mbili kutegemea joto la maji, na harufu yake we acha tu! Ila yasiwe maji yenye samaki, watakufa. Kama huna dimbwi tandaza kwenye majani umande ufanye kazi, hapo ni wiki 3 hadi 6 na lazima ugeuzegeuze. Kila siku kausha bua moja ulivunje, ukiona nyuzi zinaachia kijiti kwa urefu wote, toa siku hiyohiyo. Mi naona bora uwahi kidogo, utarudisha kwenye umande, lakini zikishaoza zenyewe zinakatika tu na hakuna dawa.

Kausha mpaka yakakamae, ponda kijiti kivunjikevunjike, halafu ning'iniza fungu kwenye ubao na ulipige kwa panga la mbao mabaki yadondoke. Chana kwa chanuo la meno makubwa, malizia na la meno ya karibukaribu. Zile fupi zinazonasa usitupe, zinafaa kamba na magunia. Ndefu sokota huku vidole vimeloa, kavu zinasimamasimama kama nywele.

Uzi uchemshe na maji ya majivu, ndo ufume. Kitambaa kitatoka cha kijivujivu, kianike kwenye majani juani ukikinyunyizia maji, wiki kadhaa kitakuwa cheupe.