Namna ya Kulielewa na Kulitumia Neno "Kada"

Niliwahi kuombwa kutafsiri tangazo la mafunzo ya wahudumu wa afya hapa Kisumu. Nilipokutana na neno la Kiingereza cadres, yaani aina za wataalamu waliofunzwa, niliandika kwa haraka kwamba "makada wote wa afya wanaalikwa". Mzee mmoja aliyelisoma tangazo hilo karibu na soko la Kibuye aliniuliza kama afya nayo imesajili chama cha siasa. Swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Ili usiingie katika mtego huo, anza na asili ya neno lenyewe. Waingereza walilichukua cadre kutoka Kifaransa, ambako maana yake ni fremu, kama ile ya picha. Wafaransa nao walilipata kwa Waitalia, wasemao quadro, na chimbuko lake ni neno la Kilatini quadrum, yaani mraba, lenye ukoo mmoja na quattuor, nne. Karantini nayo ni ndugu wa mbali wa kada, kwa kuwa inatokana na zile siku arobaini (neno la Kiitalia la arobaini nalo lina ukoo na nne) ambazo meli zilitengwa huko Venice kwa hofu ya tauni.

Fremu iligeukaje kuwa watu? Mtazame fundi wa baiskeli pale Kondele: magurudumu hung'olewa, cheni hubadilishwa, kiti hutupwa, lakini fremu hubaki, na vyote vipya hufungwa juu yake. Majeshi ya Ulaya yalifanya vivyo hivyo katika karne ya 19. Wakati wa amani yalibakiza maofisa na wakufunzi wachache waliofunzwa vyema, na vita vilipozuka, makuruta walijazwa kuwazunguka hao. Warusi walilihamishia neno hilo kwenye siasa, hata mwaka 1935 Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, akawaambia wahitimu wa vyuo vya kijeshi kwamba makada ndio wanaoamua kila kitu. Maana hiyo ya kichama ndiyo tunayoisikia Tanzania ikitajwa "kada wa CCM", na ndiyo iliyomjia mzee wangu.

Kabla ya kuandika, basi, jiulize kama unamtaja mtu au aina ya wataalamu. Ukimtaja mtu, upatanisho ni wa kiumbe hai: kada mkongwe amehama chama, makada wamehama. Ukitaja aina ya wataalamu, sema kada ya wauguzi ina upungufu, kada hizi zina upungufu. Kosa langu lilikuwa herufi mbili tu, ile "ma" ya mwanzo.

Pima pia kama waliotajwa wamepitia mafunzo. Kikundi cha akina mama wanaochangiana fedha kila Jumapili si kada, hata kiwe na nidhamu ya namna gani, na wazima moto wanaotoka pamoja kwenda kwenye tukio, ingawa wamefunzwa, ni kikosi. Wengi huchanganya kada na ngazi, nami naona hapo ndipo ofisi zetu hukosea zaidi: muuguzi aliyeajiriwa juzi na yule anayekaribia kustaafu wako ngazi tofauti, ilhali kada yao ni moja.

Usilihusishe neno hili na kadiri wala kadari, ambayo asili yake ni Kiarabu. Kuhusu matamshi, Mwingereza haitamki r ya mwisho, nasi tumeandika tulichosikia, kama ilivyotokea mpakani Busia, ambako border ilizaa boda boda.

Tangazo nililibandika upya siku ya pili, likisomeka: "Wahudumu wa afya wa kada zote wanaalikwa."