Somo: Kuleta hesabu zako kundini bila kujianika

Ndugu wanakundi, salamu. Wengi mmeniomba somo hili tangu tulipoanza utaratibu wa kila mmoja kuleta humu kundini hesabu ya mapato na matumizi yake ya mwezi, apate ushauri. Kuna jambo naona linatuponza: yasiyotakiwa tunayaleta kundini, na yanayotakiwa tunayaacha nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hawakusema daftari libandikwe ukutani. Daftari ni lako peke yako. Kundi linahitaji kuona mwenendo: unapanda au unashuka, na uliloahidi umelishika au limekushinda. Hayo yote yanaonekana bila mtu kujua unalipwa kiasi gani.

Hatua ya 1: Andika mwezi mzima, usirekebishe kitu

Daftari la karatasi, jedwali la Excel, programu ya simu, vyote ni sawa. Kila pesa inayotoka ipewe mstari wake: tarehe, kiasi, kitu ulichonunua, njia uliyolipia. Makato ya kutuma na kutoa pesa nayo yapewe mstari wake, msiyafiche ndani ya bei ya kitu, kwa sababu yakikusanywa mwisho wa mwezi ndipo mtu anashtuka.

Mimi huongeza neno moja mwishoni mwa mstari: hali niliyokuwa nayo. Nilipopitia daftari la mwezi wangu wa kwanza, niliona manunuzi ya mtandaoni karibu yote yamefanyika baada ya saa tatu usiku, na pembeni nimeandika "nimechoka", "nimechoka", "nimechoka". Bila neno lile ningeyatupa kwenye fungu la "mengineyo" na maisha yakaendelea. Tangu siku hiyo sinunui kitu usiku. Nakiweka kwenye orodha, asubuhi nakiangalia tena, na vingi huwa sivitaki tena.

Mwezi huu wa kwanza usijibane. Ukijibana, utakayemwona kwenye daftari si wewe.

Hatua ya 2: Panga mafungu

Matumizi yako yagawe kwenye mafungu, kama chakula, usafiri na deni. Saba au nane yanatosha. Ukiwa na mafungu ishirini utachoka wiki ya pili.

Hatua ya 3: Geuza kiasi kuwa asilimia

Hapa naomba tutulie kidogo. Chukua jumla ya fungu, gawanya kwa kipato chako cha mwezi, zidisha kwa 100. Tuseme imetoka hivi: kodi ya nyumba 30, chakula 24, deni 12, usafiri 9, akiba 8, familia 7, dogodogo 10. Jumla 100. Picha hiyo inatosha kabisa kukushauri. Tunaona dogodogo imeizidi akiba, na tunaweza kukuuliza dogodogo hiyo ina nini ndani.

Lakini asilimia peke yake inaweza kukusingizia. Kipato chako kikishuka kwa robo, ile kodi ya 30 inasomeka 40, ingawa mwenye nyumba hajaongeza hata senti. Nimeshaona mwenzetu mmoja akishambuliwa humu kwamba kahamia nyumba ya kifahari, kumbe kapunguziwa saa za kazi. Ilinisikitisha sana, maana yule mtu alikaa kimya miezi miwili baada ya hapo. Kwa hiyo kila taarifa iwe na namba ya pili: kipato chako cha mwezi wa kwanza kiite 100, na kila mwezi unaofuata ukipime dhidi ya hicho. Ukiandika "kipato 75, kodi asilimia 40", kila mtu anaelewa kodi haijapanda, kipato ndicho kimeshuka. Ushauri unakuwa wa mtu aliyepungukiwa, hauwi wa mtu mbadhirifu.

Hatua ya 4: Safisha kabla ya kutuma

Skrinshoti ya taarifa ya benki isiletwe humu kabisa. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kutuma moja kwenye kundi jingine. Jina nililifuta vizuri, namba ya akaunti nikaifuta. Salio lililokuwa juu kwenye kona sikuliona, wala namba ya muamala pale chini. Usiku uleule mtu nisiyemjua akaniandikia inbox, ananitajia salio langu na kunipa "nafasi ya uwekezaji". Sikulala vizuri.

Wala msidhani kufuta jina kunatosha. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za kadi za benki za watu milioni 1.1 kwa miezi mitatu, majina yakiwa yameondolewa. Ukijua mahali na siku za manunuzi manne tu ya mtu, unaweza kumtofautisha na wengine wote kwa asilimia 90 ya watu hao. Ukiongeza na bei kwa makadirio, kazi inakuwa rahisi zaidi. Ndiyo maana "jana jioni nimelipa kiasi fulani duka fulani" inakutaja kuliko unavyofikiri. Nchini Marekani, programu ya kutumiana pesa iitwayo Venmo iliweka miamala ya watu wazi kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe abadilishe mpangilio, na mwaka 2018 mtafiti mmoja alionyesha kwamba miamala zaidi ya milioni 200 ya mwaka uliotangulia ilikuwa inasomeka na yeyote. Kwa hiyo kabla ya kutumia programu yoyote, fungua mipangilio yake kwanza uone nani anaona nini.

Basi, usitaje tarehe kamili, jina la duka, mwajiri wala benki. Namba zizungushe: 23.7 iandike 24.

Hatua ya 5: Tuma mistari minne

Yangu ya mwezi uliopita ilikuwa hivi:

Kipato: 104.
Niliahidi: akiba asilimia 12. Nimefika 10.
Kilichonikwamisha: matibabu ya ghafla, asilimia 5.
Nauliza: nipunguze fungu lipi mwezi huu, usafiri au dogodogo?

Mstari wa mwisho ndio wenye kazi. Taarifa isiyo na swali huletewa pongezi au lawama, na vyote viwili havikusaidii kupanga mwezi ujao.

Hatua ya 6: Nakala yako ibaki kwako

Huduma hizi zina mwisho. Wesabe ya Marekani ilianza mwaka 2006 ikiwa mahali pa watu kufuatilia matumizi na kupeana ushauri kama sisi, ikafungwa mwaka 2010. Mint, programu nyingine ya Marekani ya kufuatilia matumizi, iliyoanza 2007 na kupata watumiaji wengi mno ilifungwa Machi 2024. Kila mwisho wa mwezi pakua faili lako la CSV, yaani jedwali la kawaida linalofunguka hata kwenye Excel, ulihifadhi mahali pako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Mimi kipato changu hakina mpango, mwezi huu kingi, ujao hamna. Hizo asilimia nitazipataje?

Marahaba. Angalia miezi sita iliyopita, chukua ule uliokuwa mbaya kuliko yote, bajeti yako ijengwe juu ya huo. Kinachozidi kikae kando kusubiri mwezi mkavu. Kundini leta wastani wa miezi mitatu mitatu, usilete wa mwezi mmoja, vinginevyo namba zako zitarukaruka na hakuna atakayeweza kukushauri.

Mume wangu hajui kama niko humu. Naweza kuleta hesabu za nyumba?

Dada yangu, pesa za nyumba ni zenu wawili. Leta zile unazozishika wewe mwenyewe: matumizi yako, akiba yako, deni lako. Za pamoja ziache mpaka mmeongea. Ukimwonyesha kwanza ile mistari minne, aone haina jina wala kiasi, mazungumzo yatakuwa mepesi.

Kuna mwanachama kaniandikia pembeni, anasema anaweza kunilipia deni nimrejeshee kwa riba ndogo. Nimwamini?

Hapana. Usimjibu, na nitumie jina analotumia humu leo hii. Anayesoma taarifa za wenye madeni kisha akawafuata inbox mmoja mmoja ameshaonyesha alichokuja kufanya. Ikiwa umeshampa namba yoyote ya siri au nenosiri, badilisha sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa, na uwapigie benki yako.

Deni langu nalionyeshaje? Asilimia ya marejesho ni ileile kila mwezi, inaonekana kama sisogei.

Swali zuri, nililisahau kwenye somo. Tumia njia ileile ya kipato: deni la siku uliyoanza liite 100. Mwezi wa kwanza likisoma 97, wa pili 94, kila mtu anakuona unasogea. Likibaki 99 miezi mitatu mfululizo wakati unalipa, riba ndiyo inayomeza marejesho yako. Hapo lete swali la riba, tukusaidie kuandaa utakachomwambia anayekudai.

Niliacha kuandika tangu miezi miwili iliyopita. Nijaze kwa kukumbuka?

Usijaze, kaka. Utabuni. Acha pengo lionekane, andika "sikuandika" kwenye miezi hiyo, kisha uanze na matumizi ya leo.