SOMO: Kuchuja kasi yenye kelele kwa kutabiri

Enkoda, kile kihisi kinachofungwa kwenye mota, haipimi kasi. Inahesabu tu mipigo mota inapozunguka. Kasi tunaikokotoa wenyewe kwa kutoa hesabu iliyopita kwenye hesabu ya sasa, na kelele, yaani mirukaruko isiyo ya kweli, inazaliwa hapo. Chukua enkoda ya hesabu 4000 kwa mzunguko, inasomwa kila milisekunde 1. Hesabu moja tu ikizidi, kasi inaruka mizunguko 15 kwa dakika. Mota ikienda polepole, kidhibiti kinaona 0, 15, 0, 0, 15, kinapandisha na kushusha mkondo, na mota inanguruma.

Wengi hukimbilia wastani wa sampuli 8. Kelele inapungua kweli, ila wastani huo unachelewa milisekunde 3.5. Kwenye mwendo unaojirudia mara 20 kwa sekunde (hezi 20), hizo ni takriban nyuzi 25 za fezi, yaani nyuzi 25 kati ya 360 za mzunguko mmoja wa mwendo huo, na mfumo uliokuwa umetulia unaanza kuyumba.

Hatua ya 1: tabiri. Kabla ya kusoma enkoda:

mahali_t = mahali + T × kasi + T² × mchapuko / 2
kasi_t = kasi + T × mchapuko

T ni muda kati ya sampuli, na mchapuko ni kiwango cha kasi kubadilika. Unatoka kwenye amri yako mwenyewe: torki (nguvu ya kuzungusha) uliyoagiza, gawanya kwa inesha (uzito wa kubadilisha mzunguko) ya mota pamoja na mzigo wake.

Hatua ya 2: linganisha.

kosa = kipimo − mahali_t

Kipimo ni hesabu uliyosoma kwenye enkoda.

Hatua ya 3: sahihisha.

mahali = mahali_t + α × kosa
kasi = kasi_t + (β / T) × kosa

Hatua ya 4: chagua α na β, namba zinazoamua kosa lisahihishe kiasi gani. Usibahatishe kila moja kivyake. Chagua θ kati ya 0 na 1, kisha α = 1 − θ² na β = (1 − θ)². Kwa θ = 0.8 unapata 0.36 na 0.04, na hesabu moja ya enkoda sasa inasogeza kasi 0.6 badala ya 15. Kadiri θ inavyokaribia 1, kelele inapungua na kichujio kinakuwa kizito.

Mafunzo mengi huuacha mchapuko, na mimi naona hapo ndipo wanapoharibu. Ukiuweka sifuri, mota inapoongeza kasi mfululizo makadirio yanachelewa T × (α/β − ½). Kwa namba zetu ni milisekunde 8.5, zaidi ya maradufu ya ule wastani tulioukimbia!

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mzigo wangu unabadilikabadilika, inesha nitaijuaje?
Weka ya kukadiria. Mchapuko ukikosea kwa asilimia 20, unachelewa milisekunde 1.7 tu. Chora grafu ya kosa la Hatua ya 2: likiegemea upande mmoja kila mota inapoongeza kasi, rekebisha inesha. Likiegemea hata kwenye kasi isiyobadilika, umesahau msuguano.

Kwa nini usitumie kichujio cha Kalman, kile kinachokokotoa vizidishi vyake (kama α na β) chenyewe kila hatua, moja kwa moja?
Kelele na T visipobadilika, vizidishi vya Kalman hutulia kwenye namba moja, na umbo linakuwa hilihili. Sioni sababu ya kuzungusha matriki kila milisekunde kwenye chipu ndogo.

Yangu iko safi, lakini kila baada ya mizunguko 16 na kidogo kasi inaruka vibaya. Shida θ?
Hapana ndugu, hiyo ni kaunta ya biti 16 imejaa ikarudi sifuri: 65536 gawanya kwa 4000 ni 16.38. Toa hesabu mbili zinazofuatana kama namba za biti 16 zenye alama, kisha jumlisha tofauti hiyo kwenye namba ya biti 32. Hiyo ya biti 32 ndiyo uipe kichujio.