Kwotabeki, saa ngapi ukimbie na saa ngapi utoe pasi

Kwenye futiboli ya Kimarekani kwotabeki ndiye anayeanza na mpira, autoe pasi au akimbie nao, na wengi wachanga wanakimbia kwa uoga. Mtu mmoja wa difensi akimsogelea tu kashainamisha kichwa anaangalia miguu ya watu, marisiva wake, wale wa kupokea pasi, hawaoni tena, na hapo hata kama kuna mtu yuko peke yake kule mbele ndo basi.

Sasa kabla mpira haujaanza angalia mabeki wanakabaje, maana jibu nusu liko hapo. Wakikaba mtu kwa mtu watawakimbiza marisiva wako na migongo yao itakuwa kwako, yaani hakuna anayekuona, katikati kukifunguka nenda. Wakikaba zoni, yaani kila mtu na eneo lake, ni habari nyingine, wote macho kwako, ukitoka tu wanakushukia na yadi 3 umeshalala chini, bora uvumilie risiva akae kwenye upenyo umpe. Halafu kuna wakati wanamwacha lainibeka mmoja, yule mlinzi wa katikati, kazi yake ni kukuchunga wewe tu, ukienda kushoto naye huyo kushoto. Ukimgundua sahau mbio, toa pasi, kwa sababu huko nyuma wamepungukiwa mtu.

Haya, tuseme umeangalia risiva wa kwanza kabanwa, wa pili kabanwa, na yule jamaa wa pembeni anayekuja kukuangusha kapitiliza nyuma yako. Usirudi nyuma! Panda mbele hatua mbili, mpira mikono miwili kifuani, kichwa juu. Hujavuka mstari wa kuanzia bado, pale mpira ulipoanzia, kwa hiyo pasi ipo, na hapa ndo napapenda mimi kuliko pote: lainibeka lazima achague, akikufuata anamwacha mtu nyuma yake unampitishia mpira juu ya kichwa, akibaki unachukua yadi zako. Ukishavuka mstari lakini imeisha, pasi ya mbele ni faulo, yadi 5 na dauni mmepoteza, yaani moja ya nafasi zenu nne za kusogea yadi 10.

Angalia na dauni pia. Dauni ya 3 zimebaki yadi 2 na njia iko wazi, kimbia bwana. Zimebaki 15 ukakimbia 6 umefanya mazoezi tu, labda kama hizo 6 zinamsogeza karibu na goli mpigaji wenu wa mateke. Dauni ya kwanza huna haraka, toka pembeni utupe mpira nje, ila huo mpira ufike kwenye mstari wa kuanzia wasije wakakupiga penati.

Na usiseme mimi sio Lamar Jackson, yule kwotabeki maarufu kwa mbio, alikimbia yadi 1,206 msimu wa 2019 na sio lazima uwe yeye. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi ya Marekani, ya Februari 2023 kifundo cha mguu kinamuuma, 35-35 na Eagles, dakika za mwisho, akaona uwazi akachukua yadi 26, Chiefs wakaenda kupiga goli la ushindi.

Ukishaamua kukimbia mpira uhamishie mkono wa nje, mbali na wanaokuja, na uteleze mapema miguu mbele. Kama unahitaji yadi moja ya dauni usiteleze kabla hujaipita, maana miguu kuvuka haisaidii, wanaangalia mpira. Mko nyuma na muda unaisha tokea nje ya uwanja saa isimame, mkiwa mnaongoza lala ndani hapo hapo saa iendelee kula.