Kodi ya nchi mbili: usitafute mtu mmoja wa kufanya yote

Kila Juni ikikaribia simu yangu hapa Nairobi hujaa meseji za watu wa majuu, binamu, tuliosoma nao, marafiki wa binamu, na swali ni lile lile: unajua mtu mzuri wa kodi, asiwe ghali, anayejua ya huku na ya huko? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Watu wa hivyo wapo lakini ni wachache, wengi wako kwenye makampuni makubwa, na wakikutajia bei utakata simu. Kile kinawezekana kwa mtu wa mshahara wa kawaida ni kupata watu wawili, mmoja huko unakoishi na mmoja huku, kila mtu ashike nchi yake, halafu wewe ndio unapitisha karatasi katikati. Ukikubali hilo bei inashuka na makosa pia yanapungua, kwa sababu makosa mengi nimeona yanatoka kwa mtu wa nchi moja aliyejifanya anajua ya pili.

Tuanze na upande wa huku kwa sababu ndio watu wanaudharau. Mtu yuko Minneapolis, ana bedsitter nane Kahawa West, keateka anakusanya renti inaingia M-Pesa halafu benki, na ikifika mwisho wa Juni, ritani za Kenya zinapofungwa, anamwambia mdogo wake aende saiba (cyber) amfailie. Kijana wa saiba anauliza, "ameajiriwa Kenya?" Hapana. Basi nil, lete mia mbili ama mia tatu, dakika tano kazi imeisha. Sasa hapo umeapa mbele ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwamba hukupata hata shilingi Kenya, na renti inaingia kila mwezi benki kwa jina lako. Kijana hana kosa, alijibu swali alilojua kuuliza.

Renti ya nyumba za kuishi kwa mtu anayehesabiwa mkaazi wa Kenya, ikiwa kwa mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15, inatozwa asilimia 7.5 ya renti yote bila kutoa gharama, hiyo ni tangu Januari 2024 (kabla ya hapo ilikuwa 10), na inafailiwa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukihesabiwa si mkaazi hiyo 7.5 si yako, renti inakatwa asilimia 30. Ona hiyo tofauti. Kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote lazima ujue wewe ni mkaazi ama si mkaazi, na hapa ndipo watu hushtuka, kwa sababu si suala la pasipoti wala umeishi nje miaka mingapi. Sheria inasema ukiwa na nyumba ya kudumu Kenya na ukakanyaga hapa hata siku moja mwaka huo, wewe ni mkaazi wa mwaka huo. Kama huna nyumba, wanahesabu siku: 183 na zaidi kwa mwaka, ama wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Sasa fikiria yule ambaye alijenga Syokimau, mwaka mzima imefungwa inamngoja yeye tu, na kila Desemba anakuja wiki tatu kula nyama. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye chini, si saiba, kwa sababu ukaazi unaweza kugusa hata mshahara wa huko nje.

Kumpata huyo mtu wa Nairobi si ngumu kama watu wanavyodhani. Mhasibu wa kweli ni mwanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu Kenya, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao, na anayejiita ejenti wa kodi anatakiwa awe amesajiliwa na KRA, hiyo pia unaicheki kwenye ukurasa wa kwanza wa iTax, mtandao wa KRA wa kufaili, bila hata kulogi in. Sio lazima awe na ofisi Upper Hill. Wengi wazuri wana chumba kimoja juu ya duka huko Ngara ama River Road, wamezoea wenye ploti na wafanyabiashara wadogo, na hao renti wanaijua vizuri kuliko kampuni ya vioo ambayo itampa kazi yako mtoto wa attachment.

Paswodi ya iTax usimpe mtu. Namteua kama ejenti wangu ndani ya iTax, anaingia na akaunti yake, basi. Halafu angalia imeili iliyo kwenye PIN yako ya KRA leo, ndio, leo, kwa sababu wengi tulifunguliwa PIN saiba zamani na imeili iliyowekwa ni ya mwenye saiba ama haipo tena, na siku ukitaka kubadilisha paswodi ukiwa Toronto utajua hujui. Na pesa ya kodi usimtumie mhasibu kwa simu yake. Akitengeneza ile namba ya malipo ya PRN akutumie, ulipe mwenyewe, na akishafaili akupe ile risiti ya iTax yenye namba. Mtu akianza kuzungusha hapo, kwaheri.

Upande wa huko unategemea nchi. Marekani ndio ngumu kuliko zote kwa sababu raia na mwenye grini kadi anadaiwa ritani ya mapato ya dunia nzima hata akirudi kuishi Kitengela. Kuna msaada wa bure unaitwa VITA kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, ni wazuri, lakini ukiwa na nyumba za renti kwa kawaida watakurudisha maana hiyo haiko kwenye kazi yao. Kwa hivyo mwenye ploti atafute EA (Enrolled Agent), hao wana leseni ya IRS yenyewe, mamlaka ya kodi ya Marekani, na mara nyingi ni nafuu kuliko CPA, mhasibu wa huko mwenye leseni, na IRS ina orodha mtandaoni ya kuwatafuta. Kila anayetayarisha ritani ya mtu kwa malipo lazima awe na namba ya IRS iitwayo PTIN na asaini hiyo ritani, kwa hivyo yule mkubwa wa kanisani anayewafanyia watu kila Machi halafu anakuambia "weka kama umefanya mwenyewe", ama anayetaka asilimia ya rifandi, kimbia.

Halafu kuna FBAR, ripoti ya akaunti za benki za nje ya Marekani, na hii ndio nawaambia watu wa chama. Ukijumlisha akaunti zako zote za nje ya Marekani na siku yoyote ya mwaka zikapita dola 10,000 kwa pamoja, unaripoti. Na si pesa yako peke yake, hata akaunti ambayo wewe ni mmoja wa wanaosaini inaingia. Kwa hivyo kama ulibaki mweka hazina wa chama cha ukoo, ama jina lako liko kwenye akaunti ya mama pale kijijini ili umtolee pesa akiugua, hizo zinahesabiwa. Haiendi pamoja na 1040, ile fomu ya ritani yenyewe, inafailiwa kivyake mtandaoni kwa FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani, na ni bure, kwa hivyo mtu akikuchaji mamia ya dola kwa FBAR ya akaunti mbili muulize anafanya nini haswa.

Uingereza ni tulivu zaidi, kuna mkataba na Kenya wa kuepuka kodi mara mbili, kipato kikiwa kidogo shirika la TaxAid linasaidia bure, na mwisho wa kufaili mtandaoni ni Januari 31. Canada nao wana kliniki za kodi za bure za wanaojitolea, lakini wewe mwenye ploti tano za Kamulu na Joska ulizonunua ungoje bei ipande, jua kuna fomu T1135 ikiwa mali zako za nje ziligharimu zaidi ya dola 100,000 za Canada kwa jumla. Nyumba unayolala mwenyewe ukija haiingii. Ujerumani kuna vyama vya kusaidia wafanyakazi, Lohnsteuerhilfeverein, unalipa ada ya mwaka kulingana na mshahara, ila uliza kwanza kama kesi yenye renti ya nje wanaigusa.

Sasa utajuaje huyu mtu anajua? Mimi nauliza maswali ambayo jibu lake nalijua tayari. Kwa wa Marekani: kuna mkataba wa kodi kati ya Kenya na Marekani? Hakuna. Akisema upo, asante, siku njema. La pili, uchakavu wa nyumba yangu ya Nairobi unaugawa kwa miaka mingapi? Akijibu haraka 27.5, hiyo ni ya nyumba zilizo Marekani, ya nje iliyoanza kukodishwa 2018 kuendelea ni 30. La tatu, ile 7.5 niliyolipa KRA utaifanya nini, itapunguza kodi yangu ya Marekani? Kwa sababu inakatwa kwenye renti yote na si kwenye faida, anayejua hatakurukia na jibu, atataka kuona karatasi kwanza. Kwa wa Nairobi lile la ukaazi linatosha: mwambie una nyumba na ulikuja Desemba, halafu nyamaza umsikilize.

Bei sasa. Wahasibu hawachaji fomu peke yake, wanachaji fujo yako. Ukimtumia skrinshoti 60 za M-Pesa kwa WhatsApp atalipisha masaa ya kuzipanga na ana haki. Tengeneza shiti moja ya mwezi kwa mwezi: renti iliyoingia, marekebisho, keateka, land rates, riba ya mkopo, kodi iliyolipwa KRA na tarehe. Mwezi kwa mwezi nasema kwa sababu mwaka wa kodi wa Kenya na Tanzania ni Januari hadi Desemba kama wa Marekani na Canada, Uganda ni Julai hadi Juni, na Uingereza wanaanza Aprili 6, kwa hivyo shiti ya jumla ya mwaka haisaidii mtu wa pili. Acha kila kitu kwa shilingi, kubadilisha ni kazi ya wa huko, IRS na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wote wanatoa viwango vya kutumia.

Halafu meseji ya kwanza iwe hivi: "Habari ya kazi. Naishi Leeds, nimeajiriwa, nina fleti nne za renti Ruaka, hazina mkopo, nilikuwa Kenya siku 24 mwaka jana, miaka miwili nyuma sijafaili. Shiti iko tayari. Jumla utachaji ngapi, na hiyo bei inafika wapi nikiandikiwa barua na KRA?" Tuma kwa watatu. Atakayejibu kwa kukuuliza swali ndiye wa kupigia simu.

Na mtafute Februari. Juni hapa mtandao wa iTax unakokota, foleni Times Tower, makao ya KRA, inatoka nje, na mhasibu anayepokea kila mtu wiki ya mwisho hana muda wa kufikiria mambo yako ya Leeds. Ukichelewa ritani ya Kenya faini ni 2,000 ama asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, hiyo haiuwi mtu, kwa hivyo usiruhusu akutishe ndio umlipe mara tatu. Ya Marekani ukiwa hukufaili miaka kadhaa kwa kutojua, mwambie EA moja kwa moja kwamba unataka kuangalia utaratibu wa streamlined, ule wa kurekebisha miaka ya nyuma, ritani za miaka 3 na FBAR za miaka 6, na uanze kuomba benki ya Nairobi stetimenti za zamani mapema, kwa sababu hizo ndizo hukawia kuliko kila kitu.