Mgonjwa yuko Malindi, wewe uko ng'ambo: namna ya kuipima huduma ya tiba shufaa

Madaktari wa Mombasa waliposema saratani ya mama imeshafika kwenye ini na arudishwe nyumbani, mimi nilikuwa Leicester, na usiku ule nilikesha nikihesabu pesa. Niliuliza gharama za matibabu ya India. Niliuliza kama hospitali fulani ya Nairobi ingempokea. Hata mara moja sikumuuliza dada yangu, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda kule Shella, Malindi, mama anaumwa kiasi gani. Wengi wetu tulio ng'ambo tuko hivyo: tukishikwa na hofu twatuma pesa, na anayezipokea haraka si lazima awe ndiye anayejua kumtuliza mgonjwa.

Basi nawaandikia wenzangu mliofikishiwa habari kama ile, muulize mapema yale ambayo mimi niliyauliza nimechelewa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Tiba shufaa ni matunzo ya mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena: kumtuliza maumivu, kichefuchefu, pumzi kubana, hofu, na kuwashika mkono wanaomuuguza. Hospisi ni kituo au kikundi kinachofanya kazi hiyo, na mara nyingi hakina vitanda kabisa, kwani kazi yenyewe hufanyika nyumbani kwa mgonjwa. Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, na kwetu Kenya Nairobi Hospice ilianza 1990. Pwani tunayo Coast Hospice, Mombasa. Kutoka Malindi hadi huko ni kama kilomita 120, kwa hiyo ulizeni pia hospitali ya serikali iliyo karibu nanyi kama ina kliniki ya tiba shufaa, kisha muwaulize KEHPCA, muungano wa hospisi za Kenya, nani anahudumu eneo lenu. Msianze na tangazo la Facebook. Sisi tulianzia huko.

Kikundi cha kwanza tulichokilipa kilikuwa na sare nyeupe, picha nzuri na maneno "saa 24". Nesi alikuja, akampima mama presha, akamdunga sindano ya diklofenaki, dawa ya kawaida ya maumivu, akaenda zake. Usiku wa tatu maumivu yalipanda. Dada alipiga simu mara saba. Asubuhi wakatuambia simu ya zamu ilikuwa imeisha chaji.

Mofini kwanza

Ukiwa na nafasi ya kuuliza swali moja tu, uliza hili: mnatoa mofini ya maji? Kisha fuatiliza. Nani anaiandika? Inachukuliwa famasi gani? Chupa ikiisha Jumamosi jioni tutaipata wapi? Anayefanya kazi hii kwa kweli atakujibu bila kutafuta maneno, maana ni jambo analolishughulikia kila siku. Mofini ya kunywa si dawa ya anasa; mfamasia huikoroga kutokana na unga wake maalum, na kwa mgonjwa wa saratani aliyezidiwa na maumivu hakuna panadoli wala diklofenaki inayoweza kushika nafasi yake. Kikundi kikikwambia "hatutumii mofini, ni dawa kali," hapo umeshapata jibu, katafute kwengine.

Sikiliza pia wanavyoitumia. Nguvu ya mofini ya maji hukaa kama saa nne, kwa hiyo hutolewa kwa saa, kila baada ya saa nne, bila kungoja mgonjwa alie. Dozi ya wakati wa kulala mara nyingi huongezwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Kuna dozi ya ziada ya maumivu yanayochomoza katikati. Na pamoja na mofini lazima iandikwe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mofini hufunga choo na mwili hauzoei hilo. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache; kufunga choo hakupungui. Nesi wa kikundi kile cha kwanza hakuwa na habari ya dawa ya choo. Nesi wa pili, aliyetumwa na daktari wa tiba shufaa, aliitaja kabla hajaketi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kwetu pwani kuna kidonda kingine. Malindi na Lamu zimezika vijana wengi kwa ajili ya unga, yaani heroini. Kaka yangu aliposikia neno mofini alinyanyuka barazani akasema, "Mwataka kumfanya mama teja?" Alisema kwa uchungu; rafiki zake wawili wamekwenda hivyo. Timu nzuri haimkemei mtu kama huyo wala haimpuuzi. Yule nesi alimwambia, "Kaka, njoo ukae hapa," akamweleza kwamba dawa hii ikipimwa sawasawa haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja na wala haiharakishi kifo, akamwonyesha bomba la kupimia dawa, lisilo na sindano, hadi mstari wa tano. Halafu akasema jambo lililomtuliza kuliko yote: chupa ikae kabatini kwa kufuli, ufunguo uwe wa mtu mmoja, na chupa tupu zirudishwe kwao zihesabiwe. Tangu siku ile kaka ndiye aliyekuwa mwenye ufunguo. Kwa hiyo ulizeni na hili: dawa hizi mnazihesabu vipi? Asiyezihesabu hajui anachokibeba.

Maumivu nayo yana kipimo chake. Nesi alimfundisha mama kutumia mkono: ngumi ni hapana maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Dada alinunua daftari la shule, na kila dozi akaandika saa, kiasi, na vidole. Usiku alinipigia picha ukurasa wa siku ile akanitumia WhatsApp. "Saa 12 asubuhi, mililita 5, vidole 3. Saa 4, mililita 5, vidole 1. Amecheka." Daftari lile lilinipa habari ya kweli kuliko simu zote za "mama anaendelea vyema, alhamdulillah". Ukilipa huduma yoyote, dai daftari, na dai nesi alisome kila akija. Asiyeliangalia anakuja kwa ajili ya sahihi tu.

Piga simu usiku

Kabla hamjalipa, ijaribuni simu yao. Mtu wa nyumbani apige saa nane za usiku, saa za Malindi. Kwako Uingereza itakuwa saa tano au saa sita, kutegemea msimu, hujalala bado. Asidanganye kwamba kuna dharura. Aseme tu kwamba anataka kujua kama namba hii hushikwa usiku, na akiwa na mgonjwa anayelia atasaidiwaje. Si lazima nesi afike usiku ule, wachache wanaweza. Lakini lazima awepo mtu anayemjua mgonjwa wenu kwa jina, anayeweza kusema, "Mpe dozi ya ziada sasa, mgeuze ubavu, nipigie baada ya nusu saa."

Leseni hukaguliwa kwa dakika chache tu: KMPDC inayosajili madaktari na vituo vya afya, na Baraza la Wauguzi la Kenya, wana orodha mtandaoni. Bei itolewe kwa maandishi, ikitenganisha ziara ya nesi, nauli, dawa, bandeji na nepi za watu wazima. Pesa ziingie akaunti ya shirika, zisiingie simu ya nesi. SHA, bima ya afya ya serikali, imeshika nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kwa hiyo waulize ni kipi inalipia kwao, na uhakikishe michango ya mzazi haijakatika.

Wa Lamu, kwenu kuna bahari katikati

Binamu yangu aliuguza baba yake Mkomani, mjini Lamu, na mambo aliyopaswa kuuliza hayakuwa haya ya Malindi tu. Katika mji ule wa vichochoro "tuna ambulensi" ni neno tupu. Uliza mgonjwa atatolewaje ndani ya nyumba: nani atabeba machela hadi gatini, boti ni ya nani, na upande wa Mokowe, bara, gari litakuwa linangoja au litaitwa wakati huo. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, dawa itavuka vipi? Timu inayojua Lamu huacha dawa ya siku kadhaa zaidi ndani ya nyumba, na huwa imekubaliana mapema na familia kama mgonjwa atavushwa hata kidogo. Ami yangu alisema hataki kuvushwa. Waliandika, na hakuvushwa.

Mikono na macho ya nesi

Mwambie aliye nyumbani amtazame nesi ziara ya kwanza mwanzo mpaka mwisho, kisha akusimulie. Je, alibisha hodi, akamwamkia mgonjwa, au alianza kuzungumza na watoto juu ya kichwa chake? Alimwangalia mdomoni? Mdomo mkavu wenye utando mweupe humtesa mgonjwa kuliko tunavyodhani. Alimgeuza akaangalia kiuno kwa nyuma, visigino na vifundo vya miguu? Vidonda vya kulalia huanza kwa wekundu mdogo tu, na anayewajua wagonjwa wa kitandani huwafundisha wenye nyumba kumgeuza kila saa mbili na namna ya kumwinua bila kumburuta kwenye shuka. Nesi aliyemaliza kwa presha na joto tu hajamwona mgonjwa.

Mama alikuwa mtu wa sitara. Hakutaka mwanamume amwoshe, na alitaka mtandio uwe karibu hata homa ikimpanda. Lisemeni hili siku ya kwanza bila haya: mna nesi wa kike, na yuko siku zote au Jumanne tu? Waambieni habari ya swala, ya tayamamu kwa asiyeweza maji, ya kitanda kuelekezwa kibla. Ramadhani ilipoingia mama alitaka kufunga. Sisi sote tukaruka, "Mama, huna haja, utatoa fidia!" Nesi alimuuliza kwa upole, "Shangazi, ukifunga moyo wako utatulia?" Wakazungumza wawili. Akafunga siku moja, kwa dozi za daku na futari alizopangiwa na daktari, na jioni yake akasema imetosha. Sijui darasa gani hufundisha hivyo, lakini ndicho kitu ambacho pesa yako inapaswa kununua.

Kuna na lile jambo zito la kumficha mgonjwa. Familia zetu nyingi husema, "Mama asiambiwe." Ningeogopa timu inayokubali kumdanganya mgonjwa usoni, na ningeogopa pia inayomtupia ukweli kama ndoo ya maji. Waulize wangefanyaje. Jibu nililolipata mimi lilikuwa: "Tutamuuliza yeye anajua nini, na anataka kujua kiasi gani." Mama alijua zamani. Alikuwa akitulinda sisi.

Lini upande ndege

Swali la mwisho ni lako wewe uliye mbali, na usione aibu kuliuliza mapema: mtaniambia lini nije? Wengi hupewa simu pumzi zikishabadilika, miguu ikishapoa, na kutoka London kuna ndege ya Nairobi, kuna ndege nyengine au barabara ya kuja Malindi, na mazishi yetu hayangoji. Timu yenye uzoefu hukuambia kabla: akianza kulala sehemu kubwa ya siku, akikataa chakula hata anachokipenda, njoo. Waulize pia kama watawaeleza walio nyumbani kwamba mtu aliyefika mwisho hahitaji kulazimishwa kula, na kwamba dripu wakati huo mara nyingi humwongezea uvimbe na kohozi, haimwongezei nguvu. Na kwa kuwa atafia nyumbani, ulizeni mapema kuhusu naibu wa chifu, ambaye ndiye hupelekewa taarifa ya kifo cha nyumbani na kutoa kibali cha kuzika, ili siku ile kaka asihangaike njiani.

Mimi niliambiwa Jumatano, kwa sauti ya nesi mwenyewe, si kwa ujumbe: "Dada, kata tiketi sasa, usingoje mwisho wa mwezi." Nilifika Ijumaa baada ya swala. Mama alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, mdomo umelowanishwa kwa pamba, daftari liko dirishani. Nilimwamkia, akafumbua macho, nikamuuliza kama anaumwa. Akautoa mkono chini ya shuka, akaufumba ngumi.